Upande wa Kushoto

Safari ilianza kwa nguzo ya geti. Kapteni alikata kona kama anavyoikata kila siku, macho mbele, mkono mmoja kwenye usukani, na kioo cha ubavuni upande wa kushoto kikapasuka, kikabaki kinaning'inia kwa waya. Mkewe, aliyekaa upande huohuo, alijikunyata akiukinga uso kwa kiganja.

"Hii nguzo wameisogeza?" Kapteni aliuliza.

"Nani aisogeze?" mkewe akasema. "Iko hapohapo tangu tuhamie."

Jirani aliyekuwa akianika nguo alicheka. "Leo Kapteni kakosana na nguzo. Hiyo haraka ya kwenda kumwona mama." Mtaa mzima ulimwita Kapteni, kwa kuwa aliendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni mwaka nenda mwaka rudi na hajawahi kukwaruza hata ukuta. Naye akacheka, akashuka, akalizunguka gari na kukifunga kile kioo kwa utepe wa gundi. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza vipuri, ambaye aliwaazima kwa maneno mengi na kuwakumbusha zaidi ya mara moja kwamba rangi ni mpya.

"Utamwambia nini kaka?" mkewe aliuliza waliposhika barabara.

"Nitampa kioo kingine. Si anauza yeye?"

"Anauza. Hagawi."

Watoto wawili waliokuwa nyuma walicheka, na mama yao akacheka nao, na jambo likaonekana limekwisha.

Ndani ya gari lile walikuwamo watu wanne, na ni mmoja tu aliyejua kwamba dereva haoni upande wa kushoto.

Upofu ulianza kama ukungu pembeni. Akadhani ni vumbi, akadhani ni uchovu, akanunua miwani ya jua kwa wachuuzi wa kituo cha mabasi. Mwishowe alijipeleka kliniki ya macho bila kumwambia mtu, na daktari, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, akamwambia ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilibaki likiona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ingekilinda kilichobaki, kama angeitumia bila kuacha. "Unafanya kazi gani?" daktari alimuuliza. Kapteni akajibu kwamba yeye ni mlinzi wa ghala. Akatoka na chupa yake ndogo ya dawa, akaificha mfuko wa ndani wa koti, na kesho yake alfajiri akawasha basi la kiwanda kama kawaida.

Safari hii hakuitaka. Lakini mkewe alipoleta habari kwamba kaka amekubali kutoa gari, alikuwa na furaha ambayo Kapteni hakuwa ameiona siku nyingi. Miaka yote walikwenda kwa mama yake Kapteni kwa basi, wakishuka hapa na kupanda pale, mizigo mapajani. "Safari hii na sisi tutashukia mlangoni," alisema huku akipiga pasi nguo za watoto. Kapteni angesema nini? Dereva mzima, gari lipo, mafuta yapo, aipakie familia yake kwenye basi?

*

Mji uliwaachia bila shida kubwa. Barabara kuu ilikuwa nyembamba, lami imeliwa na mvua kingoni, na malori yalikuja kwa kasi ya watu wanaolipwa kwa kuwahi. Kapteni aliendesha polepole kuliko alivyozoea. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye maishani mwake hajawahi kushika usukani, alianza kusinzia, kisha akafumbua macho na kuona mbele yao, ukingoni kushoto, mtu akisukuma baiskeli yenye magunia mawili.

"Baiskeli," alisema.

Gari halikupunguza mwendo.

"Baba watoto, baiskeli."

Kapteni alikata usukani kulia kwa nguvu. Gunia lilikwaruza mlango kwa mlio mrefu, na mbele yao honi ya lori ikalia, ikalia, mpaka ikawa kama inalia ndani ya vichwa vyao. Alirudi upande wake wakati lori linawapita, na upepo wake ukalitikisa gari zima. Mtoto wa kiume, aliyekuwa bado hajaanza shule, alianza kulia. Dada yake akamvuta mapajani.

"Nilimwona," Kapteni alisema.

"Kama ulimwona, mbona ulingoja mpaka niseme?"

"Wewe unaogopa gari. Tangu zamani."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimnyamazisha. Akajiambia kwamba huenda ni yeye anayeona ajali mahali pasipo na ajali. Hata hivyo hakusinzia tena. Aliweka mkono kwenye dashibodi na kuuacha hapo, vidole vimekaza.

Haukupita muda mrefu, magurudumu ya kushoto yakatumbukia nje ya lami, kukasikika mpasuko chini, na usukani ukaanza kumvuta Kapteni mikono. Pancha. Aliliegesha gari chini ya jua kali, akashusha mizigo yote ili alifikie tairi la akiba, na lilipotoka wote wakalitazama. Lilikuwa jeupe kwa uchakavu, nyuzi zinachungulia.

"Rangi mpya, tairi kipara," mkewe alisema. "Kaka yangu huyo."

Kazi ya mikono Kapteni hakuhitaji macho kuifanya. Alipiga jeki, akalegeza nati, akaimba kidogo, na kwa muda ule alikuwa tena yule baba ambaye watoto wanamjua. Binti yake, msichana wa darasa la sita aliyependa kushika vyombo vya baba yake, alikuwa akimpa spana. Alimnyooshea moja kutoka kushoto. Baba yake hakuipokea. Alikuwa akipapasa chini, kwenye mchanga, akiitafuta. Msichana akasogea mbele kidogo, spana ikaonekana, baba akaichukua.

Msichana aliinuka. Alichota maji kwenye kikombe, akasimama kushoto kwa baba yake, akakinyoosha karibu na bega lake kabisa. Baba aliendelea kukaza nati. Kikombe kilikuwa karibu kumgusa sikio. Msichana akazunguka upande wa kulia, akakinyoosha vilevile, bila sauti.

"Ahsante, mama," Kapteni alisema papo hapo, akakipokea.

Msichana alirudi garini akakaa. Mdogo wake alimwomba biskuti, akampa pakiti nzima bila kuitazama. Alitaka kumwambia mama, na aliogopa kwamba akisema litakuwa kweli.

*

Trafiki alikuwa amesimama kivulini, upande wa kushoto, akiwa amevaa sare nyeupe ambayo mtu angeiona kutoka mbali. Aliinua mkono. Kapteni akampita.

Filimbi ililia nyuma yao mara kadhaa ndipo akasimama. Askari alikuja kwa miguu, bila haraka, uso umekunjamana.

"Mimi ni mti?" aliuliza dirishani.

"Samahani, afande. Sikukuona."

"Hukuniona. Na hiki kioo, na huu mlango, navyo hukuviona vikivunjika? Shuka."

Kapteni alishuka. Askari alimnusa mdomo, akamwambia apulize kwenye kiganja chake, akanusa tena. Akina mama waliokuwa wakiuza matunda kando ya barabara waliacha mazungumzo yao wakatazama. Halafu askari akachora mstari mchangani kwa kiatu na kumwambia aufuate.

"Afande, niko na watoto," Kapteni alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo maana nakwambia utembee."

Akatembea. Mwanamume mwenye nywele za kijivu masikioni, shati limepigwa pasi na mkewe jana yake, akiweka kisigino mbele ya kidole kama mtoto anayejifunza. Alifika katikati, mguu wa kushoto ukapiga jiwe ambalo kila mtu aliliona, akaanguka kwa magoti. Mmoja wa wauza matunda akacheka, mwenzake akamkanya.

"Umekunywa nini?" askari akauliza.

"Sijanywa. Sinywi kabisa."

Mkewe alikuwa ameshashuka. "Ni kweli, afande. Hata kwenye sherehe hanywi. Amechoka tu, tumetoka mbali."

Askari alimtazama mwanamke, akawatazama watoto, akachoka na jambo lenyewe. Aliirudisha leseni. "Basi mama, mwangalie huyu mumeo. Amechoka kuliko anavyosema."

Waliondoka. Mwanamke alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachomsumbua. Lile jiwe. Lilikuwa kubwa kama tofali. Alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho, muda mrefu, akingoja ageuke amuulize kwa nini anamkodolea. Mumewe hakugeuka. Alikuwa akitazama mbele, paji la uso limelowa jasho, kana kwamba mahali alipokaa mkewe hapakuwa na mtu.

*

"Tucheze mchezo," msichana alisema ghafla. Alikuwa amesogea katikati ya kiti cha nyuma, kidevu karibu na bega la baba yake. "Tutaje vitu vyote tunavyoviona upande huu wa mama. Atakayetaja vingi ameshinda."

"Mimi," akasema mdogo wake.

"Mbuzi wawili," msichana alianza, kwa sauti ya juu iliyo wazi. "Mwanamke na ndoo, anatembea kwenda mbele. Pikipiki imesimama. Shimo."

Kapteni alikwepa shimo. Mikono yake ilikaza usukani. Alielewa, na kilichomwingia wakati huo hakikuwa nafuu. Mtoto wake wa darasa la sita alikuwa akimwonesha njia, na sauti yake ilitetemeka kidogo kila mwisho wa neno. Angeweza kusimama hapohapo. Alijiambia kwamba zimebaki saa chache, kwamba mchezo unafanya kazi, kwamba akifika atampigia shemeji aje alichukue gari lake, atasema injini imegoma. Alijiambia mambo mengi.

"Mti mkubwa," msichana aliendelea. "Baiskeli, iko mbali na barabara. Watu watatu wamekaa."

Mtoto mdogo alichoka kushindwa. Alisimama juu ya kiti, akaupenyeza mdomo katikati ya mama na baba, akapiga kelele kwa furaha: "Ng'ombe, ng'ombe mkubwa anakuja."

Kapteni alikanyaga breki mpaka chini. Gari lilipiga yowe, likayumba, mizigo ya nyuma ikawaangukia watoto migongoni, na nyuma yao basi lililokuwa limewakaribia likakwepa kwa nafasi ambayo hata paka angesita kuipita. Abiria wake walipita wakiwatukana madirishani. Vumbi likatulia. Injini ilikuwa imezima.

Mwanamke alitazama kushoto. Kulikuwa na shamba lililovunwa, tupu, mpaka kwenye upeo wa macho. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na hata kuku.

"Nilikuwa natania," mtoto alisema, midomo inamcheza.

"Ng'ombe yuko wapi?" mama yao aliuliza. Hakuwa akimuuliza mtoto. "Baba watoto. Umefunga breki kwa ajili ya ng'ombe gani?"

Kapteni aliwasha gari. Lilikataa, kisha likakubali.

"Simamisha gari," mkewe alisema.

"Hapa ni kwenye kona. Tutagongwa. Nitasimama pale mbele penye nyumba."

Pale mbele hapakuwa mbali. Palikuwa na maduka machache ya bati, mashine ya kusaga, na shule iliyokuwa imetoka kupiga kengele. Watoto wenye sare za kijani walikuwa wamejaa pande zote za barabara. Mwanamke aliziona sare hizo na akili yake ya kazi ikaona mishono ya mabegani kabla ya kuona jambo lenyewe: mmoja wao, mdogo kabisa, begi likimpiga mgongoni, alikuwa ametoka mbio ubavuni mwao, kushoto, kumfuata mwenzake ng'ambo.

"Baba, simama," msichana alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba.

Kapteni alisimama. Alisimama kwa sababu aliambiwa. Mbele yake palikuwa na barabara tupu mpaka pale mtoto alipoingia ghafla ndani ya lile bomba la macho yake, akiwa amekwisha kuwa mbele ya boneti. Kukasikika kishindo kidogo, laini, kama mto unaoanguka sakafuni. Mtoto akatoweka chini.

Kwa muda hakuna kilichosogea. Halafu watu wakatoka kila mahali.

*

Begi lilikuwa ndilo lililogongwa. Bampa lililisukuma, nalo likamwangusha mwenye nalo, na yule mtoto alikuwa amekaa vumbini, miguu ameinyoosha, akitazama goti lake lililochubuka kwa mshangao. Ndipo akalia. Kilio kile mshonaji atakikumbuka siku zote kama sauti nzuri kuliko zote alizopata kuzisikia. Alikuwa amemfikia kabla ya mtu mwingine, amepiga magoti, anampapasa kichwa, mikono, mbavu, kama anayempima nguo. "Yuko mzima," alirudia kuwaambia watu, na kwake mwenyewe. "Yuko mzima. Tazameni, yuko mzima."

Nyuma yake watu walikuwa wamelizunguka gari. Mwanamume mnene mwenye vumbi la matofali hadi kwenye kope, ambaye pikapu yake ilikuwa imeegeshwa dukani, alipiga boneti kwa viganja viwili. "Mtoe nje," alisema. Wengine walivuta mlango. Ndani, mtoto mdogo alijificha chini ya kiti. Msichana alijilaza juu yake.

Kapteni alishuka mwenyewe. Hakukimbia, hakujitetea, na labda hilo ndilo lililowachelewesha.

"Sikumwona," alisema.

"Mchana wote huu?" mwenye pikapu alisema. "Mtoto mwenye sare ya kijani, kwenye lami nyeusi, humwoni? Wewe ni kipofu?"

"Ndiyo," Kapteni alisema.

Mtu mmoja alikuwa ameinua ufagio. Akaushusha.

"Upande huu sioni. Jicho limekufa. Na hili lingine linakwenda." Alinyoosha kidole kushoto kwake. "Sikumwona, na wewe uliyesimama hapo kushoto sikuoni. Nasikia tu kwamba upo."

Mama wa mtoto alifika akikimbia, kanga moja imemdondoka njiani, akamnyakua mwanawe kutoka mikononi mwa mshonaji bila kumtazama mtu. Alimkagua, akamzaba kofi la matakoni, akamkumbatia, akalia. Kisha akamgeukia Kapteni. Watu wakasogea wamsikilize.

"Ondokeni," alisema. "Nyote ondokeni mbele ya macho yangu kabla sijabadili mawazo."

*

Mkewe alimchukua mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, mahali ambapo watoto wasingesikia. Alikuwa na damu ya goti la mtoto kwenye mkono wa gauni.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

"Mvua ipi?"

Kapteni alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Mvua ya mwaka jana," mkewe alisema mwenyewe. "Mvua ya mwaka jana, na nimekaa mbele yako kila jioni nakula. Nilikuwa nakupa chumvi, unapapasa meza, nadhani unawaza mambo ya kazini." Jambo jingine lilikuwa linamjia, taratibu, na alilitazama likija kwa hofu kubwa kuliko zote za siku ile. "Na basi la kiwanda?"

"Naendesha polepole."

"Nakuuliza basi. Watu wanajaa mpaka mlangoni. Jirani yetu anapanda na ujauzito wake. Unawaendesha?"

"Nikisema, kazi imekwisha. Tutakula nini? Nyumba ni ya kiwanda. Ada ya huyo binti? Sare unazoshona hazilipi hata umeme, wewe mwenyewe unasema."

"Nasema."

"Basi niambie ningefanyaje."

Mwanamke alifikiri. Aliona chumba chao kikiwa kitupu, cherehani imepakiwa juu ya magodoro, majirani wamesimama milangoni. Aliona hayo yote vizuri kabisa. Kisha akaona tena lile shamba tupu lisilo na ng'ombe.

"Mpigie msimamizi wako," alisema.

"Sasa hivi? Tukifika nitampigia. Nimtafutie maneno."

"Ukifika utalala, ukiamka utakuwa Kapteni tena. Mpigie nikiwa nimesimama hapa. La sivyo nachukua wanangu napanda basi, na wewe na gari la kaka mtajuana."

Alitoa simu, akaisogeza karibu na jicho la kulia, akatafuta namba kwa kidole. Mkewe hakumsaidia. Msimamizi wa magari alipokea kwa kicheko, akidhani ni salamu za safari. Kapteni alisema, akakosea, akarudia. Upande wa pili kicheko kikakatika. Halafu sauti ikaanza kuuliza maswali, si kwa ukali, kwa namna ya mtu anayekumbuka asubuhi zote ambazo naye amepanda basi lile.

"Ndiyo, bosi," Kapteni alikuwa anasema. "Ndiyo. Ndiyo, funguo nitazileta. Naelewa, bosi. Ndiyo."

Alipomaliza aliegemea ukuta wa mashine, unga ukamganda shatini. Mkewe akasogea, akasimama upande wa kulia, akamshika kiwiko. Hakuwa amemsamehe, naye alijua.

*

Ni yule mwenye pikapu aliyewafikisha. Mshonaji alikwenda kumwomba mbele ya watu walewale, na mwanamume alitaja bei kubwa, akamtazama mwanamke akiifungua pochi, akapunguza kidogo bila kuombwa. Aliiacha pikapu yake dukani, akaingia kwenye kiti cha dereva cha gari lao, akakisukuma nyuma kupata nafasi ya tumbo, na gari likanuka matofali.

Kapteni alikaa nyuma, kulia, mtoto mdogo amelala juu yake. Jua lilikuwa linashuka. Mwenye pikapu aliendesha kwa kasi na kwa mkono mmoja, na kila palipokuja lori Kapteni alikanyaga sakafu kwa mguu wake wa breki, bila kujua. Hajawahi kuogopa barabara namna ile. Alifikiria wale waliokuwa wakipanda basi lake kila alfajiri, wakilaza vichwa madirishani, wamelala.

"Mzee, usukani unataka macho," mwenye pikapu alisema, akimtazama kwenye kioo. "Mengine unaweza kubahatisha."

"Ni kweli."

"Ungeua leo."

"Najua."

"Binti yako ndiye kakuokoa. Mkeo kaniambia."

Msichana alikuwa amekaa kushoto kwa baba yake, ametazama nje. Machozi yalikuwa yakimtoka, ameyaacha yatoke, kwa kuwa alijua upande ule baba hayaoni. Kapteni hakuyaona. Lakini alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akapata mkono wake, na msichana akauacha ushikwe.

Walipofika, taa zilikuwa zimeanza kuwashwa majumbani. Mama yake Kapteni alikuwa amesikia gari tangu kwenye kona. Alitoka akijifunga kanga vizuri, mwanamke mfupi mwenye haraka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva. Kwake mwanawe hukaa hapo. Aliufungua, akamshika mtu mabega kwa mikono miwili, akamvuta kifuani, na ndipo akahisi vumbi na unene usio wa mwanawe.

"Shikamoo, mama," mwenye pikapu alisema kwa haya.

"Marahaba," alijibu, akarudi nyuma. "Mwanangu yuko wapi? Nani huyu anaendesha?"

Mkewe, aliyekuwa mbele, alifungua mdomo, kisha akaufunga. Hilo halikuwa lake kulisema.

"Niko huku, mama," Kapteni alisema kutoka nyuma. Alimkabidhi msichana mtoto aliyelala, akashuka, mkono juu ya paa la gari. "Tumemkodi. Macho yangu yamekwisha. Sitaendesha tena."

Ilikuwa mara ya tatu kulisema siku ile. Njiani watu walilisikia kwa vipande, msimamizi alilisikia kwa kigugumizi. Sasa lilitoka lote kwa pamoja, fupi. Hakujisikia mwepesi. Alikuwa na hofu ileile, ya kesho na ya mwezi ujao, ya nyumba na ya shemeji na ya lile jicho lililobaki.

Mama yake alimwacha mwenye pikapu. Alifuata ubavu wa gari, nyayo zake zikasikika kwenye kokoto, zikaja zikasimama karibu naye sana, kushoto. Kapteni alihisi pumzi yake. Akageuza kichwa, polepole, akavuka giza lote la upande ule, mpaka uso wa mama yake ukaingia ndani ya lile bomba.